Katika "milki huru", aliye huru ni nani: ardhi au mtu?

Mfasiri wa Pwani (mwanzisha uzi)

Wanajamvi, natumai nyote mu wazima.

Kazi yangu ni kufasiri nyaraka, na kwa kuwa ninaishi Mombasa, nyingi kati ya hizo ni za ardhi: vyeti vya zamani, wasia, mikataba ya kodi ya kiwanja, notisi za kuhama. Mwezi uliopita alinijia mama mmoja wa makamo, mkazi wa mtaa ambamo nyumba ni za wakazi lakini ardhi iliyo chini ya nyumba hizo ni ya mtu mwingine. Alikuwa na barua ya kurasa mbili kwa Kiingereza na akataka asomewe neno kwa neno. Katika aya ya tatu waliandika kwamba yeye, kama marehemu mama yake kabla yake, anakaa pale kama mpangaji wa namna ambayo kwa miaka mingi nimezoea kuiandika "mpangaji wa hiari" (kwa Kiingereza, tenant at will). Nikamsomea hivyo. Akaweka kidole juu ya mstari ule, ingawa Kiingereza hakisomi, akaniuliza: "Hiari ya nani, mwanangu?"

Hiari inayosemwa pale ni ya mwenye ardhi peke yake. Siku atakapobadili nia, makazi yamekwisha, hata kama nyumba ilijengwa na bibi yake mama yule kwa miti na udongo wa mkono wake. Nimekuwa nikimpa msomaji picha ya mtu aliyechagua mwenyewe kukaa, ilhali sheria inasema kwamba huyo hana uamuzi wowote. Nilimwomba radhi na kumwomba wiki mbili nirudie kazi yote.

Katika wiki hizo mbili nilijikuta nikifuatilia neno jingine linalosimama upande wa pili wa hilo, yaani "milki huru", ambalo wengi wetu tunaliona kwenye hatimiliki na kulipita. Nikajiuliza: huru ni nani hapa? Tunaelezwa kwamba ni ardhi, kwa maana kwamba haina muda wa kwisha. Lakini neno lilipozaliwa huru alikuwa mtu, na nina sababu ya kuamini kwamba asili hiyo haikufutika bali ilisafiri pamoja na neno hadi huku kwetu. Nitaeleza kwa sehemu. Wenye elimu zaidi nisahihisheni.

Mfasiri wa Pwani

Nianze na Uingereza, kwa kuwa ndiko neno lilikotoka.

Sheria ya huko ya karne ya 12 na ya 13 iliwagawa watu wa mashambani mafungu mawili makubwa. Alikuwapo mtu huru, na alikuwapo aliyeitwa vileni, ambaye alifungamana na shamba la bwana wake, akawajibika kumfanyia kazi siku kadhaa kila wiki, akalipa ada bintiye alipoolewa, na hakuwa na ruhusa ya kuhama. Wote wawili walilima, na kwa desturi wote wawili waliwaachia watoto wao shamba. Ungewatazama wakiwa nyuma ya jembe la ng'ombe usingejua nani ni nani, maana walikuwapo watu huru wenye kipande kidogo kuliko cha vileni jirani yao. Tofauti ilionekana siku ya ugomvi.

Katika miaka ya 1160 Mfalme Henry wa Pili aliweka njia mpya ya haraka mahakamani. Mtu aliyeondolewa kwenye ardhi bila haki na bila hukumu aliweza kupata amri ya mfalme, na watu kumi na wawili wa jirani wakaapishwa na kuulizwa kama kweli fulani amemwondoa fulani kwenye shamba lake huru. Neno "huru" katika swali lile ndilo lililokuwa mlango. Akija vileni, bwana wake alihitaji jibu moja tu, kwamba huyu ni vileni wangu. Likithibitika, kesi iliishia hapo, na mnyonge akarudishwa kwenye baraza la shambani ambalo mwenye kuliendesha alikuwa bwana yule yule aliyeshtakiwa. Milki huru, kwa hiyo, ilikuwa ardhi ambayo mwenye nayo aliweza kuitetea mbele ya mahakama ya mfalme. Hicho ndicho kilichoitofautisha, kuliko ukubwa wake, kuliko rutuba yake, na hata kuliko muda wake.

Mtamtambuaje vileni? Kitabu cha sheria cha karne ya 13 kinachohusishwa na hakimu Henry de Bracton kinatoa kipimo ambacho sijakiona kingine cha wazi kama hicho: mtu huyo jioni hajui kesho asubuhi ataamriwa kufanya kazi gani. Nimelisoma jambo hilo mara nyingi, na kila nikilisoma ninamwona mama yule na barua yake.

Sasa ile hati maarufu, Magna Carta, mapatano ya Mfalme John wa Uingereza na makabaila wake, iliyotiwa muhuri Runnymede mwezi Juni 1215. Sisi huisoma kama ahadi kwa kila binadamu. Kifungu cha 39 kinasema hakuna mtu huru atakayekamatwa, kufungwa wala kunyang'anywa mali isipokuwa kwa hukumu ya halali ya wenzake au kwa sheria ya nchi. Mtu huru! Vileni ametajwa katika kifungu cha 20, na alichopata ni kwamba akitozwa faini, zana zake za kilimo zisiguswe. Hati ilipotolewa upya mwaka 1217, kifungu kile cha mtu huru kiliongezewa maneno yanayotaja waziwazi milki yake huru. Hapo mtu na ardhi yake vimefungwa kwa neno moja ndani ya sentensi moja.

Wakili Mstaafu

Mfasiri, uzi wako ni wa thamani, lakini niruhusu nikupinge mapema. Neno la sheria lina maana iliyopewa na sheria inayotumika leo. Katiba ya Kenya ya 2010 imegawa ardhi kuwa ya umma, ya jamii na ya binafsi, na milki huru ni namna mojawapo ya ardhi binafsi inayoweza kushikwa na raia yeyote, mjukuu wa liwali au mjukuu wa mtumwa. Nimekaa mahakamani zaidi ya miaka 30 na sijawahi kumsikia jaji akiuliza kama mwenye hati ni mwungwana. Aidha, huko huko Uingereza wanasheria walitenganisha hali ya mtu na hali ya ardhi mapema sana. Mtu huru aliweza kushika ardhi ya kivileni na akabaki huru. Ukimweleza mteja habari za mwaka 1215 unamchelewesha.

Mfasiri wa Pwani

Mzee wangu, nashukuru, na hoja ya pili nakubaliana nayo kabisa. Kitabu nilichokitaja kinasema hivyo hivyo: shamba halibadili hali ya mtu. Lakini tazama kilichofuata, kwa kuwa hapo ndipo penye uzito.

Mwaka 1381 wakulima wa mashariki ya Uingereza waliasi. Walipokutana na Mfalme Richard wa Pili pale Mile End, nje ya London, waliomba pasiwepo tena vileni, na ardhi ikodishwe kwa peni 4 kwa ekari. Mfalme, aliyekuwa kijana wa miaka 14, akawapa hati za uhuru, kisha maasi yalipozimwa akazifuta. Kwingi walikopita walichoma vitabu vya mabaraza ya mashambani, na mtu anayefanya kazi yangu anaelewa kwa nini, maana mle ndimo majina yao na wajibu wao yalimoandikwa.

Baadaye uvileni wa watu ulififia wenyewe mpaka ukatoweka. Ardhi ndiyo iliyobaki na alama. Wajukuu wa mavileni walikuwa watu huru kama wengine, lakini mashamba yao yaliendelea kuitwa ya "nakala", kwa kuwa ushahidi wa mwenye shamba ulikuwa nakala ya maandishi ya kitabu cha baraza la bwana. Na katika nakala ile iliandikwa kwamba anashika ardhi kwa ridhaa ya bwana, kwa mujibu wa desturi ya shamba. Karne hadi karne mtu huru alishika karatasi inayosema kwamba amekaa kwa ridhaa ya mwingine. Mahakama za mfalme zilikuja kumlinda, ni kweli, lakini kura ya ubunge wa wilaya kuanzia 1430 ilikuwa ya mwenye milki huru yenye pato la shilingi 40 kwa mwaka, na mwenye shamba la nakala alisubiri hadi 1832. Umiliki wa namna ile ulifutwa kabisa tarehe 1 Januari 1926. Ndiyo kusema kwamba Waingereza waliokuja kutupimia ardhi Mombasa na Malindi walitoka katika nchi ambayo bado ilikuwa na ardhi za namna mbili, ya huru na ya asiyekuwa huru.

Kuhusu hoja yako ya kwanza, ni kweli jaji hamuulizi mtu kama ni mwungwana. Naomba subira hadi nifike pwani, nionyeshe kwamba swali hilo liliulizwa mara moja, na lilitosha.

Bint Ng'ambo

Kaka Mfasiri, kabla hujafika huko kwenu, nipitishie Unguja kidogo, kwa sababu umetaja kazi ya siku kadhaa kwa wiki na mimi nimeshtuka.

Amri ya Aprili 1897 ya Sultani Hamoud bin Mohammed ilifuta hadhi ya kisheria ya utumwa, na watu husoma hapo wakafikiri kwamba siku ya pili yake kila mtu alikuwa huru. Haikuwa hivyo. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuomba, bwana wake akalipwa fidia kutoka serikalini, na aliyeomba alitakiwa aonyeshe kwamba ana makazi na njia ya kujipatia riziki. Asipoonyesha angeweza kuhesabiwa mzururaji. Masuria waliachwa nje mpaka amri ya 1909. Sasa fikirini. Makazi ya mtu yule yalikuwa wapi, kama si kwenye shamba la karafuu la bwana wake? Ndiyo maana wengi walirudi palepale kwa makubaliano ya kufanya kazi siku tatu kwa wiki, wapate kubaki na kibanda na kipande cha kulima muhogo. Hapo awali, desturi iliwaachia Alhamisi na Ijumaa. Uhuru ukapunguza siku za kazi, lakini haukuwapa udongo.

Bibi zetu waliojenga Ng'ambo, ule upande wa mji wa Unguja ulio nje ya Mji Mkongwe, walikuwa hao na watoto wao. Nyumba zao, kiwanja cha mwenyewe. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi za viwanja, na serikali ikalazimika kutunga amri ya kuzidhibiti kodi zile. Marehemu nyanya yangu alikuwa akitusimulia kwamba waliogoma hawakukataa kodi kwa uchache wa pesa tu. Walisema viwanja vile vilikuwa wakfu, vimewekwa kwa ajili ya masikini, na haiwezekani leo avigeuze mtu kuwa duka. Neno "wakfu" lilikuwa ndiyo haki yao waliyoijua.

Tena kuna maneno ambayo tumeyasahau asili yake. "Mzalia" alikuwa mtumwa aliyezaliwa hapa hapa. "Mjinga" alikuwa mtumwa aliyefika karibuni, hajui lugha wala desturi. Leo tunamwita hivyo mtoto aliyefeli hesabu.

Mfasiri wa Pwani

Dada Bint, ahsante sana. Hilo la siku tatu nimelinakili kwenye daftari langu kando ya kipimo cha kutojua ya kesho asubuhi.

Sasa pwani ya Kenya. Kwenye lugha yetu mtu huru aliitwa mwungwana, na kinyume chake alikuwa mtumwa, na kwa jina la jinsia mtwana au mjakazi. Neno "huru", lenye asili ya Kiarabu, lilikuwa jina la hali ya mtu kabla ya kuwa sifa ya kitu kingine chochote. Aliyeachwa huru aliandikiwa karatasi mbele ya kadhi, lakini karatasi ile haikumfanya mwungwana. Palibaki kifungo cha walaa kati yake na aliyemwacha huru, na akifa bila warithi wa damu, mali yake ilikwenda kwa bwana wa zamani au ukoo wa bwana huyo. Kwa hiyo palikuwa na daraja tatu na siyo mbili, na aliyekuwa daraja ya kati alikuwa huru bila kuwa na ukoo wa kumshuhudia.

Tazameni miaka miwili inayofuatana. Mwaka 1907 serikali ya Kiingereza ilifuta hadhi ya kisheria ya utumwa katika ukanda wa maili kumi uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1908 ikatunga sheria ya hati za ardhi ya ukanda ule ule: kila mwenye kudai ardhi alete dai lake kwa msajili, athibitishe, apewe cheti, na ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ya Taji la Uingereza.

Mzee Wakili, ndipo hapo swali lako liliulizwa. Hakuna aliyeuliza, "Wewe ni mwungwana?" Waliuliza, "Ardhi hii ulirithi kwa nani, na nani anakushuhudia?" Mwenye nasaba, wasia wa kadhi na jirani wa mtaa mmoja alijibu. Mtu aliyefunguliwa mwaka mmoja kabla, ambaye alilima sehemu ile tangu utoto lakini aliilima kwa jina la bwana wake, angejibu nini? Na Wamijikenda ambao desturi yao ya ardhi ilikuwa ya ukoo na ya kaya, wasio na karatasi na ambao wengi wao hawakufikiwa na habari za madai yale, nao wakabaki nje. Watu wote hao waliendelea kulima palepale, kwenye udongo ule ule, ila kuanzia hapo walikuwa juu ya ardhi ya mwenye cheti au ya Taji. Neno "skwota" tunalolitumia leo Kilifi na Kwale lina mzizi wake pale, katika hesabu ya miezi kati ya sheria mbili.

Ninalieleza hili kwa uchungu, kwa sababu miongoni mwa vyeti ninavyofasiri vimo vya familia za marafiki zangu, na nasaba yao ni ya kweli na ushahidi wao ulikuwa wa haki. Hakuna aliyedanganya. Lakini mtu aliyeulizwa swali ambalo ni mwungwana peke yake angeweza kulijibu alikwisha kushindwa kabla ya kufungua kinywa.

Mjukuu wa Mbari

Ndugu Mfasiri, mimi natoka Kiambu, na neno lako la "hiari" limenigusa kwa sababu tunalo mara mbili.

Kwa Wakikuyu ardhi ya ukoo iliitwa githaka, na ukoo wenyewe mbari. Mtu asiyekuwa wa mbari ile aliweza kuomba kulima, akaitwa muhoi, yaani mwombaji, kutokana na kitenzi kile kile tunachotumia kwa sala. Muhoi hakulipa kodi. Alileta pombe ya miwa, alisaidia kujenga, alisimama na mbari siku ya shida. Mbari ingeweza kumwambia ahame, lakini haikuwa jambo la kufanywa asubuhi moja kwa hasira, na walikuwapo wahoi ambao wajukuu wao walizaliwa pale.

Kisha mwaka 1921 jaji mkuu, Jacob Barth, akaamua kesi ya Isaka Wainaina na Murito, Wakikuyu wawili waliogombania ardhi. Alisema kwamba kwa sheria ya ardhi ya Taji ya 1915 na kwa amri ya 1920 iliyoifanya Kenya koloni, haki zote za wenyeji katika ardhi iliyotengwa, pamoja na githaka, zimetoweka, na kwamba wenyeji waliomo ni wapangaji wa Taji. Na ni wapangaji wa namna gani? Ni wa namna ile ile iliyo katika barua ya mama yako. Babu yangu, mwenye githaka aliyekuwa na wahoi wake, siku ile akageuzwa muhoi wa mfalme asiyemjua, tena bila hata kuomba.

Mfasiri wa Pwani

Ndugu yangu, hukumu ile niliisoma kwa Kiingereza juma lililopita, na nilipofika kwenye maneno hayo niliinuka nikatoka nje. Ni maneno yale yale ya kitabu cha baraza: kwa ridhaa ya bwana. Mwenye shamba la nakala, mjukuu wa vileni, alikuwa walau na nyongeza, "kwa mujibu wa desturi ya shamba," na nyongeza hiyo ndiyo iliyomwokoa, kwa kuwa mahakama ziliishika desturi hiyo zikamzuia bwana asimfukuze ovyo. Jaji wa mwaka 1921 aliwapa watu wa Kenya sehemu ya kwanza ya sentensi na kuwanyima ya pili. Mwaka ule, huko kwao, wenye mashamba ya nakala walikuwa wamebakiwa na miaka mitano kabla ya kufanywa wamiliki huru.

Mzee Wakili alisema maana ya neno ni ya leo. Kwa "milki huru" ninakubali, imefunguliwa kwa kila raia, na ninashukuru. Lakini hili la "kwa ridhaa" halijabadilika hata herufi moja.

Wakili Mstaafu

Nimekusoma kwa makini, na hapo nimekuelewa. Niongeze jambo ambalo ndugu wa Kiambu hakulisema. Katika miaka ya 1950, chini ya mpango wa Swynnerton, yaani mpango wa kilimo wa serikali ya kikoloni, ardhi ya Wakikuyu iliunganishwa na kuandikishwa, na jina lililoingia kwenye daftari likawa la mtu mmoja mwenye milki kamili. Muhoi hakuwa na safu katika daftari lile. Miaka mingi baadaye niliwaona mahakamani watoto wa wahoi wakileta wazee wa kuthibitisha desturi, na mahakama zikawajibu kwamba uandikishaji umezima desturi. Mimi mwenyewe nilisimama upande wa wenye hati katika baadhi ya kesi hizo. Sheria ilikuwa upande wetu. Sura za wazee wale bado ninazikumbuka.

Kanyigo Juu

Salamu kutoka Kagera. Huku Buhaya tulikuwa na nyarubanja. Mukama, yaani mtawala wa Wahaya, alimpa mtu wa ukoo wake au mtumishi aliyempendeza eneo zima pamoja na watu waliokuwamo, na wakulima waliokuwa na vibanja vyao vya migomba wakaamka wakiwa chini ya mwenye nyarubanja, wakimpelekea ndizi, pombe na kazi. Bunge la Tanganyika huru lilikwisha kuigeuza milki ya kudumu kuwa ukodishaji wa miaka 99 kwa sheria ya 1963, kisha mwaka 1965 ikatungwa sheria ya kuwakomboa watu wa nyarubanja. Ninalo swali kwa mfasiri: neno la Kiingereza kwenye jina la sheria ile ya 1965, "enfranchisement", ungelifasiri vipi? Sisi husema "kukomboa", lakini sina hakika.

Mfasiri wa Pwani

Swali zuri mno, ndugu Kanyigo. Neno lile maana yake ni kumfanya mtu huru. Lilitumika zamani kwa mtu kutolewa utumwani au katika uvileni. Kisha katika karne ya 19 sheria za Uingereza zikalitumia kwa ardhi, pale mwenye shamba la nakala alipolipa ili shamba lake liwe milki huru. Wao walikuwa "wakimwacha huru" shamba. Nanyi mwaka 1965 mkalipokea neno hilo hilo kwenye jina la sheria, na kwa maoni yangu ninyi mlilitumia kwa usahihi zaidi, kwa kuwa waliokuwa wakifunguliwa Bukoba walikuwa watu. "Kukomboa" ni sawa sawa. Msilibadili.

Bint Ng'ambo

Na mama wa barua je? Umemwandikia nini mwishowe?

Mfasiri wa Pwani

Alirudi jana, dada. Nimeandika: "mpangaji anayekaa kwa ridhaa ya mwenye ardhi, ridhaa ambayo mwenye ardhi anaweza kuiondoa." Ni sentensi ndefu kuliko ya Kiingereza na haipendezi sikioni, lakini nilipomsomea hakuuliza tena ridhaa ni ya nani. Nilimwambia pia aipeleke barua kwa wakili wa msaada wa kisheria kabla ya kutia sahihi chochote, na akaniahidi kwenda Jumatatu.

Kisha akauliza kama na minazi imo katika ridhaa hiyo. Hilo sikulitarajia, na ni swali la mtu anayejua desturi yake, kwa maana huku kwetu mti ni wa aliyeupanda hata ukiwa juu ya ardhi ya mwingine, kama vile nyumba ilivyo ya aliyeijenga. Sheria ya 1908 yenyewe iliitaja minazi na nyumba: mwenye cheti alihesabiwa kuwa ndiye mwenye navyo pia, isipokuwa kama cheti kimeandikwa vinginevyo. Hivyo tukaomba nakala ya cheti cha kiwanja kile tuone kama pana maandishi ya pembeni, na wakati tukiisubiri akanitaka niandike orodha yake mwenyewe, ya kumpelekea wakili.

Alikuwa akihesabu kwa vidole huku amefumba macho, akianzia mlangoni na kuzunguka nyumba. Minazi kumi na minne, mmoja umepigwa na radi lakini bado unazaa. Mkanju mmoja wa mama yake. Mwembe mmoja aliouleta bibi yake ukiwa mche kutoka Mtwapa. Kisima, ambacho aliniambia nikiandike mwisho kwa sababu kilichimbwa na mtaa mzima.